Mapigo ya Asubuhi

Ilikuwa mwaka 2016. Hapana, 2017, maana 2016 goti langu lilikuwa bado halijaanza kuuma. Nilikuwa mlinzi wa mchana kwenye kituo cha utafiti upande wa Pasiansi, na Dorotea, mama mmoja wa Igoma, alikuwa anafanya usafi kwenye nyumba ya tumbili. Walikuwa kumi na mmoja, wanajaribiwa dawa ya presha, kila mmoja ana kidude chini ya ngozi kinachopeleka mapigo ya moyo kwenye kompyuta ya daktari Odeta.

Shida ilikuwa asubuhi. Dorotea akiingia kufagia, mioyo inakimbia, haitulii mpaka saa nne. Hapo dawa itapimwaje? Mkubwa wa kituo akampa wiki mbili: mapigo yasiposhuka, ataletwa mwingine. Mume wa Dorotea alikuwa kitandani mwaka wa tatu, kazi ile ndiyo iliyowalisha.

Basi akaanza kujipunguza. Akavua mabuti, akafagia peku kwenye sementi ya baridi. Mkono wa ndoo akauviringishia kitambaa. Nyimbo zake za kwaya akaziacha. Jioni anakaa kwenye benchi langu, kachoka. Mapigo yako palepale.

Ijumaa ya mwisho daktari Odeta alituita, akaweka kidole kwenye kompyuta, pale mstari wa mapigo unapoanza kupanda.

"Mama, saa moja kasoro dakika tano unakuwa wapi?"

"Nje, daktari. Namsubiri mzee Ngosha afungue."

Ngosha ni mimi. Kila asubuhi, kabla ya kufungua kufuli, nilikuwa nagonga ule mlango wa chuma mara tatu kwa rungu na kuita hodi. Sikulelewa kuingia kwa watu kimyakimya, hata kama wenyewe ni tumbili. Nikasema yote.

Dorotea alicheka mpaka akakaa chini. "Wewe mzee," akasema, "wiki mbili natembea peku kwa ajili ya hodi yako."

Nikaacha kugonga, mapigo yakashuka, naye akabaki na kazi. Ila mabuti hakuyavaa tena, wala kuimba hakuimba. Alisema amezoea.

Siku moja nilimuuliza daktari Odeta: ile mioyo ilipokuwa inakimbia, ilikuwa inaniogopa, au ilikuwa inafurahi kama wangu mimi nikisikia mgeni mlangoni? Akaandika kitu kwenye daftari, akaenda zake.