Mpira Uliokataa Kushuka

Uvundo ule ukikupata mara moja, huwezi kuusahau. Ni mafuta ya kondoo yaliyochacha, nyongo, na kitu cha tatu ambacho Mokgethi, mganga wa timu, alikataa kukitaja, na mimi nashukuru kwamba alikataa. Vyote vilikaa kwenye kopo la maziwa ya watoto, na kila Jumamosi kabla ya mechi kopo lilifunguliwa kwa ajili ya mtu mmoja tu, Mfanufikile Hlongwa, kipa. Alipakwa viganjani, kwapani na chini ya pua. Chini ya pua, jamani!

Hlongwa alikuwa Mzulu wa pwani, wa vitongoji vya kusini mwa Durban, na alikuwa akidaka mipira tangu ana meno ya utoto. Dinotshi, timu ya Wasotho huko juu milimani QwaQwa, ilimfuata kwa mbwembwe, ikampa yeye na mkewe Ntombizanele chumba nyuma ya duka la mwenye timu. Makubaliano yalikuwa wazi: akidaka, chumba chake, akifungwa ovyo, arudi kwao. Na kwao alikwisha kuwaaga watu kwa majivuno, kwa hiyo kurudi kungekuwa aibu tupu.

Basi akaanza kufungwa. Mikwaju ya karibu aliidaka kama kawaida. Kilichomtia aibu ni mipira mirefu. Mtu anaupiga kutoka katikati ya uwanja, mpira unapanda, Hlongwa anautazama, mwili unamwambia utatua pale, anatoka mbio mpaka pale, na mpira unampita juu ya vidole na kuingia wavuni. Mechi ya pili vilevile. Mashabiki wakambatiza jina, Mlango Wazi. Kocha Ramakatsa hakujisumbua kuuliza hata swali moja. Alikata kauli kwamba kipa karogwa na timu aliyoiacha, akamwita Mokgethi na kopo lake.

Siku ya kwanza Hlongwa alitapika. Siku ya pili alijizuia, na kujizuia kulikuwa kubaya zaidi. Mkewe alimtandikia mkeka mlangoni, mbali na kitanda. Ugali akawa anaula kwa kijiko kama mgonjwa, maana mkono haupelekeki mdomoni. Na mipira ikazidi kumpita! Mokgethi akasema dozi ni ndogo, iongezwe. Ptuu! Watu wazima na ndevu zao, wanamshika mwenzao kwapa na kumpaka uoza, halafu wanajiita uongozi wa timu.

Aliyemfumbua macho ni Ntombizanele, na wala hakuwa akizungumzia mpira. Alikuwa analalamikia maharage.

"Yamechemka toka asubuhi na bado mawe," alisema. "Mama wa dukani kaniambia ndivyo kulivyo huku juu. Hewa nyepesi, maji yanachemka bure tu."

Hlongwa akaweka kijiko chini. Alikumbuka alivyokuwa akihema kama mzee wiki zake za kwanza. Akakumbuka na jambo lililokuwa likimpa kiburi: mipira aliyoipiga mwenyewe kutoka langoni ilikuwa ikienda mbali kuliko ilivyowahi kwenda pwani, mpaka inawapita washambuliaji wake. Alidhani miguu imepata nguvu. Nguvu gani! Ardhi ya huku inauvuta mpira chini vilevile kama ya Durban. Kilichopungua ni hewa ya kuukwamisha njiani. Pwani mpira unapanda, hewa inausukuma nyuma, unachoka na kuanguka karibu wima. Huku hauna wa kuuzuia sana, unashuka bado una kasi yake, unatua mbali kuliko ulipotegemewa. Na kweli, siku zote ulimpita juu, haukuwahi kumwangukia mbele hata mara moja. Mchawi gani huyo anayejua upande mmoja tu?

Akamfuata kocha, akamweleza yote, akaomba ajaribiwe bila kupakwa. Kocha alikubali shingo upande. Hlongwa alijisugua kwa sabuni mpaka ngozi ikamwasha, akasimama nyuma kuliko alivyozoea, akaacha kuusikiliza ule mwili wake wa pwani. Wakampigia mirefu mpaka wapigaji wenyewe wakachoka. Aliidaka yote.

"Umeona, Ntate? Sina chochote mwilini. Ni hewa tu."

Ramakatsa alimpigapiga begani, nusura alie kwa furaha. "Nimeona, abuti. Dawa imeshaingia kwenye damu."

Jumamosi Hlongwa alilikataa kopo. Hakuna aliyemlazimisha. Lakini mabeki walipomsogelea na kukuta hanuki, woga uliwaingia. Hawakumwachia mpira hata mmoja. Kila krosi waliirukia wenyewe, wakagongana vichwa, wakajifunga mara mbili. Wakati wa mapumziko walikaa wakimtazama, hakuna anayekunywa maji. Mwishowe Tshokolo, beki wa kati, akasema walichokuwa nacho wote moyoni.

"Hlongwa, sisi hatuwezi kukuamini ukiwa msafi hivyo."

Alifikiria chumba, akafikiria wale aliowaaga. Kisha akainuka, akalifungua kopo kwa mkono wake mwenyewe, akajipaka viganjani, kwapani na chini ya pua. Kipindi cha pili mabeki walimwachia mipira yote, naye akaidaka yote, na mbele wenzake wakafunga matatu. Filimbi ya mwisho ilipolia, watu waliingia uwanjani wakamnyanyua mabegani Mokgethi. Lizee limebebwa juu juu linapunga mkono, na aliyedaka mipira anapita pembeni, kila mtu anamkwepa kwa harufu!

Chumba kikawa chake. Msimu mzima alijipaka bila kuambiwa. Jumamosi moja akarudi nyumbani, akaketi, akamega ugali kwa mkono. Ntombizanele akavuta bakuli lake upande wa pili wa meza.

"Hujanawa, Hlongwa."

Akanusa kiganja kimoja, akanusa na cha pili, akaingiza pua katikati ya vidole. Hakusikia harufu yoyote.