Kaburi Lisilo na Mtu

Mpaka leo nikimsikia mwanamume wa mtaani kwetu akisema "bustani yetu", damu hunichemka. Yetu ya nani? Wanaume wa Mji Mkongwe wana baraza kila mlango. Wanakaa asubuhi, wanakaa jioni, wanakunywa kahawa na kucheza bao, na hakuna anayewauliza wanatafuta nini nje. Sisi wanawake tulikuwa na kipande kimoja tu cha majani nyuma ya nyumba ya mama, chenye miti mitatu ya mikungu na viti viwili vya saruji.

Nazungumzia miaka ya tisini, hoteli zilipoanza kuota mjini kama uyoga. Mimi nilikuwa nimeshaolewa mtaa wa Mpendae, nje ya Mji Mkongwe, lakini kila siku nikitoka kazini nilipitia kwa mama. Alikuwa mjane, akiishi ghorofa ya pili katika nyumba isiyo na ua, na magoti yalimsumbua. Hata hivyo, akishaswali alasiri alishuka ngazi zile kidato kimoja kimoja, mkeka kwapani. Chini walimngoja wenzake wanne watano, na chupa ya chai na kachori zilizofungwa gazetini. Walisukana, wakasengenya, wakacheka mpaka karibu na adhana ya magharibi. Sitii chumvi nikisema saa hizo ndizo zilizomweka mama hai. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo, hata chakula alikuwa hakitaki.

Basi siku moja wakaja watu na utepe wa kupimia na vigingi. Hoteli ya jirani ilitaka pahala pa kuegesha magari. Wanaume wa barazani walikasirika, na hilo siwanyimi. Wakakaa, wakapanga. Kwetu kaburi haliguswi. Zipo nyumba za zamani mjini zenye makaburi ubavuni, na mjenzi huyapisha. Wakachagua palipoinuka chini ya mkungu, wakapanga mawe, wakayapaka chokaa, wakatangaza kwamba pale amelala mcha Mungu wa zamani. Aliyepaka chokaa ni fundi rangi, jirani wa mama wa mlango wa pili. Palikosekana kitambaa cheupe cha kufunikia, nami nikawapa shuka yangu mpya huku nacheka.

Mama hakucheka. "Mnamzulia mtu kufa," alisema. "Hamuogopi?"

Ujanja ulifaulu. Wapimaji walirudi, wakatazama, wakavua viatu, wakang'oa vigingi vyao. Wiki nzima tulitembea vifua mbele.

Kisha mtu akaleta ubani, sijui nani. Mama mmoja akaja kutoka Chwaka na mtoto mgonjwa kuweka nadhiri, mtoto akapona, na habari ikaenea. Baada ya miezi michache palijengwa kijiukuta na kilango cha mbao. Hapo ndipo wanaume wale wale walipoanza kuhubiri heshima. Watoto wasipige mpira. Wanawake wasitandike mikeka. Haifai kuchekacheka mbele ya maiti. Maiti gani, jamani? Na viti vya saruji walivikalia wao, ati wanalinda! Nilikuwa nikipita pale nauma meno. Waliozoea kukaa na mama walitawanyika mmoja mmoja, kila mtu ndani kwake. Na watu hawakuona haya kuniambia, "Si umchukue mama yako Mpendae?" Kama kwamba mama ni kabati.

Yeye hakukubali kushindwa upesi. Alasiri moja nilimkuta amesimama kwenye kilango, mkeka kwapani, na fundi rangi amemzibia njia. Nyuma yake walikuwamo wageni watatu waliokuja na ubani wao, wote wametulia wanasikiliza.

"Bi mkubwa, mimi nakuheshimu," fundi alisema. "Lakini humu pana mtu."

Mama alimtazama juu mpaka chini. "Mtu gani? Si wewe uliyepaka chokaa? Mimi nlikuwa dirishani nnakuona."

"Usiseme hivyo mbele za watu, Bi. Utapata dhambi."

Dhambi! Yeye ndiye wa kumwambia mama yangu habari za dhambi! Mama akanigeukia, sauti imeshuka. "Mwanangu, waambie. We unajua."

Nilijua. Ingetosha kusema kwamba shuka ile ni yangu. Lakini niliwaza kwamba nikilisema hilo mbele ya wageni, vigingi vitarudi, na mtaa mzima utasema mimi ndiye niliyeiuza bustani. Wote walinitazama. Fundi naye alinitazama, na nikaona anaogopa.

"Mama," nilisema, "twende juu."

Alipanda ngazi bila kunishika mkono, na mimi nyuma yake nimebeba mkeka. Aliishi miaka miwili zaidi, na hakushuka tena ila kwa kwenda hospitali. Wanaume wale nawalaumu, na nitawalaumu mpaka nife. Lakini mama hakuwaomba wao. Aliniomba mimi.