Makofi kwa Wavulana Walionyooka

Kosa langu la kwanza kwenye sinema lilikuwa kuwapigia makofi vijana wa Kinazi, wafuasi wa Hitler. Juzi niliwaona tena kwenye video, wakipiga gwaride lao, aibu ikanirudia.

Mchana ule ukumbi wa sinema mjini Moshi ulinukia njugu za kukaanga na makoti yaliyolowa mvua. Shuleni nilikuwa kiongozi wa gwaride, na mstari ukipinda nilikosa usingizi. Basi nilipowaona wavulana wale, wasafi, wamenyooka, nilidhani ndio mashujaa, nikawapigia makofi.

"Tazama mstari wao!" nilimwambia dada Anjela, aliyetembelea gongo tangu alipougua polio.

"Na mimi wangeniweka wapi?"

"Pembeni, dada. Ungeuharibu."

Aliinuka, akachechemea hadi mbele, akasimama kwenye mwanga wa projekta. Kivuli chake kikawafunika wale wavulana.

"Kaa chini, binti! Hatukuja kukuona wewe!" watu walipiga kelele.

"Basi leo mtaniona!" alijibu, na hakukaa.

Nililia, nikidhani ananiaibisha mimi. Sikujua kwamba vijana wale walifundishwa kuwa mtu kama yeye hastahili kuishi. Siku hizi filamu ikinionyesha mstari wa kupendeza, namtafuta kwanza aliyeondolewa, na makofi sipigi.