Dari ya Dobi

Dobi alikuwa mtu wa kupenda weupe. Shati likimfikia na doa, hapati usingizi mpaka doa litoke. Ndiyo maana alipoanza kutengeneza vibao vya dari kwa karatasi uani kwake, kazi ilimwendea mrama tangu mwanzo.

Alikuwa na sababu ya kuhangaika. Mama mkwe wake, waliyekuwa wakiishi naye, alilala chumba cha nyuma chini ya bati tupu, na mchana chumba kile kilikuwa tanuri. Shemeji, dada mkubwa wa mkewe, alikwisha kusema bila kupepesa macho: akija tena akakuta joto lilelile, anamchukua mama yake. Bibi mwenyewe hakutaka kuondoka, ila nguvu za kubishana na binti huyo hakuwa nazo. Mbao za dari za dukani Dobi asingeziweza. Magazeti makuukuu yalikuwa tele.

Basi akayaloweka kwenye beseni, akayatwanga yakawa rojo, kisha, dobi ni dobi, akatia sabuni. Wino ule ulimkera. Akasugua, akasuuza, akakamua kwa nguvu zake zote, ndipo akalikandamiza rojo kwenye fremu. Vibao vikakauka vyeupe pe, na alipokinyanyua kimoja kikamporomokea miguuni, makombo matupu.

Mkewe alicheka mpaka akajishika mbavu. "We mwanamume, gazeti unalifua ulivae harusi gani?"

Dobi hakucheka. Aliona aibu, na zaidi aliogopa, maana alimpenda yule bibi. Akageuka kutazama mashati ya wateja kwenye kamba, kola zimesimama wima kwa wanga. Ghafla akajipiga paji la uso.

Safari hii hakufua. Alichanganya rojo na wanga mzito na chokaa kidogo, akalishindilia kwenye fremu, akavianika vibao kivulini. Vilitoka vya kijivu, vingine herufi bado zinasomeka, lakini vigumu, ukivigonga vinaitika. Akavipigilia chini ya kenchi, zile mbao zinazobeba bati, huku akiionea haya rangi ile ya kijivu.

Shemeji alifika jua la utosi, na begi tupu la kutilia nguo za mama. Akaketi kitandani kwa bibi aseme yake. Hakuyamaliza. Alikuwa ametoka mbali, na chumba kilikuwa kimepoa. Dobi alipochungulia alimkuta shemeji amelala fofofo, anakoroma.

Akataka kumwamsha. Bibi akamzuia kwa mkono.

"Mwache alale, mwanangu," akanong'ona. "Akiamka, mwambie mimi sina safari."