Nilipokuwa Naokota Hela Morogoro

Mwanangu, sogea huku kwenye jua unisikilize, kabla usingizi wa uzee haujanichukua. Ipo siku moja ya usichana wangu ambayo kila nikiikumbuka huja na ukungu wake na baridi yake, na mlio wa gari la moshi ukipanda mlimani taratibu hadi kwenye mashamba yetu ya maharage kule Towelo, juu ya mji wa Morogoro. Zilikuwa siku za Mdachi, yaani Mjerumani. Reli ilikuwa bado ngeni, na sisi watu wa milimani tuliisikia kabla hatujaiona.

Lakini siku hiyo haina maana usipojua kwanza nilikotoka. Enzi zetu msichana wa Kiluguru akivunja ungo aliwekwa ndani, na ninyi mkisikia hivyo mnadhani ni wiki moja au mbili. Mimi nilikaa mvua ikanyesha, ikakata, ikanyesha tena. Mwali haendi mtoni, haendi shambani, jua halimpigi. Anakula, anafundwa, anasuka mikeka, anasikiliza watu wanavyopita nje ya ukuta. Mwanga wangu wote ulikuwa ule uliopenya kwenye nyufa za udongo, nao ulitembea sakafuni polepole tangu asubuhi hadi jioni, nami naufuata kwa macho. Sikuwa na huzuni sana, nisikudanganye. Ila zilikuwepo siku ambazo sikujua kama nimelala au nimeamka.

Aliyenisaidia ni bibi yangu, mzaa mama. Kila asubuhi aliingia akakaa kando ya kitanda, akaniita mke mwenzake, kama mabibi wanavyotania wajukuu wao wa kike, kisha akaniletea habari za nje.

“Leo ukungu umeshuka mpaka magotini pa mlima,” akaniambia. “Maharage ya jirani yamechanua, zambarau tupu. Na kuna mbuzi mweupe amepanda juu ya paa la mjomba wako, hataki kushuka. Mjomba wako anambembeleza kama bibi harusi.”

Nilicheka nikajiziba mdomo kwa nguo, maana mwali hacheki kwa sauti. Na nikilala, niliota mbuzi yule anatembea juu ya ukungu bila kuzama. Hivyo ndivyo nilivyokua ndani ya chumba kile, nikiiona dunia kwa maneno ya bibi.

Siku zikatimia, nikatolewa, nikachezewa ngoma. Bibi alikuwepo, ila safari hii alishikwa mkono kuletwa uwanjani, kwa sababu mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Nilimhurumia, kisha nikashughulika na mambo yangu. Ujana, mwanangu, ni moshi. Ukienda haurudi, na ukiwepo huoni vizuri.

Sasa, mwali mpya alikuwa na sharti lake: haangalii watu usoni. Atembee ameinamisha macho, ndiyo heshima. Nikatii. Na kwa kutii kwangu nikaona kitu ambacho wenye kutazama mbele walikuwa wanakikanyaga. Siku ya kwanza niliposhuka sokoni na mama kuuza ndizi, karibu na mizani ya Mhindi mmoja, palikuwa na hela imelala vumbini. Hilo neno hela mnalolitupa hovyo siku hizi lilikuwa jina la sarafu yenyewe, kipande kidogo cha shaba chenye taji la mfalme wao. Niliinama kama ninayepanga ndizi, nikaiokota, ikawa ya moto mkononi kwa jua.

Ikaniingia. Kila tuliposhuka nilijifunza pengine pa kuangalia. Watu walikuwa wanafunga pesa zao kwenye pindo la nguo, na fundo hulegea mtu anapocheka sana au anapogombana, kwa hiyo nilipita nyuma ya wagomvi wakishaondoka. Kivukoni, watu wanapopandisha nguo ili wavuke mto, palikuwa pazuri. Mbele ya boma, walipokuwa wanasimama wakingoja kulipa kodi huku mikono inatetemeka, palikuwa pazuri zaidi, Mungu anisamehe. Na mvua ikinyesha usiku, asubuhi sokoni udongo mwekundu umeoshwa, na hela zilizozikwa na miguu ya watu zimetoa uso. Sijui nikuelezeje raha yake. Nilitembea kama niliye ndotoni, sauti za watu ziko mbali, na dunia yote ni upana wa hatua mbili mbele ya vidole vyangu.

Sarafu nyingine zilikuwa na tundu katikati. Hizo nilizitunga kwenye uzi wa ukindu nikazivaa kiunoni, chini ya kaniki, pamoja na shanga. Mama hakujua. Bibi alijua, kwa sababu asiyeona husikia.

“Mke mwenzangu,” aliniambia siku moja, “siku hizi kiuno chako kinalia.”

“Haba na haba hujaza kibaba, bibi,” nikamjibu. Nilikuwa na majibu siku zile.

“Haya. Mradi kibaba kisikujaze wewe.”

Basi, asubuhi ya siku ninayokusimulia, bibi alisema anataka kushuka mjini. Hakuwahi kushuka tangu reli ifike. Miaka yote hiyo alikuwa analima huku anasikia mlio ule unatoka chini, ananyoosha mgongo, anasikiliza mpaka unakwisha. Sasa alitaka kulisikia gari la moshi kwa karibu kabla miguu yake nayo haijafuata macho. “Na mjukuu wangu atakuwepo,” akamwambia mama. “Ataniangalizia.”

Tukashuka alfajiri, mama mbele na mzigo wa ndizi, mimi nyuma, mkono wa bibi begani mwangu. Ukungu ulikuwa mzito hata migomba ikawa inatutokea ghafla na kupotea. Bibi alikuwa na furaha ya mtoto.

“Niambie, unaona nini?”

“Njia, bibi.”

“Na nini tena?”

“Mawe.”

Tulipovuka mto akaniuliza maji yana rangi gani leo. Nikamwambia sikuangalia. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekodolea macho mchanga wa kivukoni. Hakuniuliza tena, na mimi, mjinga, nikaona nafuu.

Mama alibaki sokoni, sisi tukaenda stesheni. Watu walikuwa wengi kweli: wachukuzi na magunia yao, askari wenye kofia nyekundu, wanawake wenye vikapu, Wahindi wanaongoja mizigo ya pwani. Reli ikaanza kutetemeka. Bibi akaisikia kabla yetu sote, akanishika bega kwa nguvu. Kisha gari likaingia na kishindo chake, mvuke ukamwagika, watu wakageuka vivuli. Wote waliinua nyuso kulitazama. Mimi nilikuwa natazama chini, na ndiyo maana niliiona peke yangu: rupia ya fedha, rupia nzima, inadondoka kutoka kibindoni mwa mtu na kubingirika katikati ya miguu.

Rupia, mwanangu, ni hela mia moja. Sikuwahi kuishika maishani mwangu. Niliutoa mkono wa bibi begani mwangu, nikauweka juu ya gunia lililokuwa kando yetu.

“Shika hapa, bibi. Nakuja sasa hivi.”

Nikaingia miguuni mwa watu. Nilitambaa, nikakanyagwa vidole, nikasukumwa, rupia ikazunguka nyuma ya kikapu, nami nikaifuata, hadi nikaipata. Niliifumbata na kurudi nacheka peke yangu. Pale penye gunia hapakuwa na gunia. Wachukuzi walikuwa wamelipakia. Na bibi hakuwepo.

Niliita. Gari la moshi likapiga mlio, sauti yangu ikamezwa. Watu wakaanza kusogea, magurudumu nayo yakaanza kusogea, na mvuke umejaa chini hadi reli hazionekani. Mawazo yangu yote yakaenda huko chini. Mtu asiyeona, hajui ukingo uko wapi, anafuata gunia lililokuwa mkononi mwake. Hapo ndipo nilipoinua macho. Mwali sharti haangalii watu usoni, na mimi siku hiyo niliwaangalia wote, mmoja mmoja, wanaume kwa wanawake, uso baada ya uso ukitoka kwenye mvuke na kunipita, na hakuna uliokuwa wake. Sikujua kama dunia ina nyuso nyingi kiasi kile. Gari likaondoka, nikakimbilia ukingoni nikaangalia relini. Hapakuwa na mtu. Nililia kwa sauti mbele za watu, bila haya.

Ndipo nikasikia mtu ananadi, kule mwisho wa stesheni.

“Nimeokota bibi hapa. Nani kapotelewa na bibi?”

Alikuwa mchukuzi wa Kinyamwezi, na Wanyamwezi ni watani wetu. Alikuwa amemkalisha bibi juu ya mzigo wake, naye amesimama kando kama mlinzi wa jumbe.

“Mwenyewe asipotokea, namchukua Tabora akanipikie,” akawatangazia watu.

“Nitakupikia nini, na wewe umezoea kula vumbi la njia?” bibi akamjibu. Watu wakacheka. Nikamwangukia bibi miguuni, nikamshika magoti. Mkono wangu ulikuwa mtupu. Rupia niliidondosha nilipokuwa namtafuta, na mpaka leo sijui ni wapi.

Yule mtani alipojitwika mzigo wake na kwenda zake, bibi alinipapasa uso, akakuta machozi. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

“Ulikuwa umekwenda wapi?”

“Palikuwa na rupia, bibi.”

“Ya nani?”

“Sijui.”

“Usiache mbachao kwa msala upitao,” akasema taratibu. “Hiyo ilikuwa mali ya mtu usiyemjua. Mimi ni wako.”

Nikainama. Naye akaendelea, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiniletea habari za maharage na mbuzi.

“Unakumbuka ulipokuwa ndani? Msimu ule wa mwisho macho yangu yalikuwa yamekwisha, sioni hata mkono wangu. Nilikuwa nasimama njiani asubuhi, kila anayepita namuuliza: mlima ukoje leo, shamba la fulani likoje, kuna kichekesho gani kijijini? Wengine waliniona nimeingia wazimu. Nakusanya wanayoniambia, ndiyo nakuletea wewe. Kwa sababu nilijua uko gizani unaningoja.”

Mwanangu, nimezika watoto, nimezika mume, nimeona vita inapita na njaa inapita. Maneno hayo bado ndiyo yaliyonichoma kuliko yote. Nilikaa chini pale pale, kichwa mapajani mwake, na yeye akaniacha nilie hadi nikachoka.

“Sasa simama,” akaniambia. “Niambie unaona nini.”

Nikasimama, nikageuka kule tulikotoka, nikaangalia. Ukungu ulikuwa umeanza kuvunjika. Sikuwahi kuuona mlima wetu kutoka chini, yaani macho yalikuwepo na sikuwahi. Nikamwambia: bibi, ni mkubwa, unaziba nusu ya mbingu. Chini ni wa kijani, juu ni wa buluu, na kileleni wingu limekaa kama kilemba. Maporomoko ya maji yanaonekana kama uzi mweupe. Na kule karibu na wingu kuna moshi mwembamba, nadhani ni jiko la mjomba.

Bibi aliugeuzia mlima uso wake, akatabasamu.

“Kumbe tunakaa juu namna hiyo,” akasema. “Ndiyo maana magoti yananiuma.”

Tulipopanda kurudi nilimwambia kila kitu hadi sauti ikakauka: rangi ya maji, kinyonga juu ya unyasi, mtoto aliyebebwa mgongoni na mwanamke mbele yetu, jinsi alivyotutolea ulimi. Mama alituona tumerukwa na akili. Ule uzi wa kiunoni niliufungua nikampa mama, hela zile akanunulia chumvi na nguo. Na tangu hapo ikawa zamu yangu kuingia kwa bibi asubuhi, kukaa kando ya kitanda, kumwambia kumekucha vipi. Nilifanya hivyo hadi kipupwe kilipomchukua, na asubuhi ile ya mwisho aliniuliza kama kawaida, nikamwambia kumekucha vizuri, na kweli kulikuwa kumekucha vizuri.

Kwa hiyo nisikilize. Sikukatazi kutafuta. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, waliosema hivyo hawakukosea, ila hawakusema akae huko huko mvunguni. Riziki itafute, na ya kuokota ukiiona, uliza kwanza kama ina mwenyewe. Lakini ukiwa na mtu ameweka mkono begani mwako, usiuhamishie kwenye gunia. Magunia hupakiwa yakaenda. Anapokuuliza unaona nini, usimjibu njia na mawe. Inua uso, umwambie. Huenda na yeye aliwahi kusimama njiani akiomba habari kwa ajili yako, na hujaambiwa.

Nenda mwanangu, Mungu akupe riziki ya halali na macho ya kuwaonea wenzako. Na giza lako likija, maana kila mtu analo lake, usikose mtu wa kuingia asubuhi akakaa karibu nawe, akakuambia kumekucha vipi.