Sakafu Iliyotangulia Mfereji

Katika Morogoro nzima hakuna bibi anayesoma ratiba ya ujenzi kama mimi. Karani Winfrida ananigeuzia karatasi taratibu: nimeishika kichwa chini, miguu juu.

Ni saa mbili asubuhi, mwaka 1994. Ukungu wa Uluguru umeshuka hadi kwenye kenchi za paa la ghala jipya, juu kidogo ya mji. Winfrida, miaka arobaini na mitatu, amesimama mlangoni na daftari lake, nami jirani nimekuja kutazama. Ndani hamna mtu. Sakafu inagonga.

Ngo. Ngo. Ngo. Kisha kimya, kama mtu anayesubiri kukaribishwa.

"Shikamoo, bibi. Hodi hiyo usiiitikie," ananionya fundi Athanas.

"Marahaba, mwanangu. Kwa umri huu nikiwakaribisha wa chini, watasema mimi ndiye niliyechelewa."

Athanas na wenzake kumi waliweka chini miko yao ya kujengea siku sauti ilipoanza. Wanasema wenye mlima wamezibiwa njia. "Nimejenga miaka ishirini," anasema. "Maji hulia, bibi. Hayabishi hodi."

Ghala limechelewa siku kumi na tisa. Msimamizi Severin anataka iandikwe kuwa mafundi ndio chanzo. Ikiandikwa, wote kumi na mmoja wanafukuzwa leo. Sahihi ni ya Winfrida.

Kazi hii aliisomea kwenye shirika la ujenzi la serikali. Lilipofungwa, aliuza maandazi Msamvu mwaka mzima, watoto wanne nyuma yake, mpaka matajiri walipoanza kujijengea wenyewe.

Kwenye ratiba yake kila kazi humsubiri mwenzake. Mfereji wa chini kwa chini, wa kupitisha maji ya chemchemi, ulipaswa kwisha ndipo sakafu imwagwe zege. Daftari linasema zege lilimwagwa mfereji ukiwa nusu.

"Kazi ikiruka zamu, kuna njia mbili," ananieleza. "Useme imeshapita hiyo, yaliyobaki yaendelee. Hapo kuchelewa kunaanza siku mafundi walipotoka. Au useme yaliyobaki yanasubiri mfereji uishe. Hapo kuchelewa kulianza kabla yao, siku ya zege."

"Wewe unashika ipi?"

"Kama ya nyuma haiigusi ya mbele, iendelee. Hii inagusa. Sikiliza."

Ngo. Ngo. Ngo.

Severin anafika na mwenye ghala, Bwana Nassoro.

"Tajiri, mfereji niliumaliza kabla ya zege. Mama huyu kaandika vibaya. Na hawa wanaogopa mizimu, basi!"

Winfrida anafungua mkoba wake. Anatoa pakiti mbili za bluu ya kufulia, anazunguka nyuma ya ghala, anazimimina mdomoni mwa mfereji.

"Kama umekwisha, bluu itatokea kule korongoni unakoishia."

Athanas anateremka korongoni, ukungu unammeza. Tunasubiri. Winfrida ananinong'oneza kuwa anataka kufungua ofisi ya chumba kimoja Mwembesongo, awatunzie ratiba wajenzi binafsi. "Nikipona leo."

Nusu saa inapita. Sauti inapanda kutoka chini, kama ya mtu aliyezikwa: "Huku pakavu!"

"Maji yana foleni yake," anacheka Severin. Anaingia ndani peke yake, anasimama katikati ya sakafu, anaigonga kwa kisigino mara tatu. Safari hii sakafu haijibu. "Tajiri, njoo uone. Haki ya Mungu, humu chini halipiti hata tone."

Bwana Nassoro hasogei. Anatazama viatu vya Severin, na bluu inayopanda kwenye ufa wa sakafu, ikivizunguka polepole.