Nilivyoifuata Katiba ya Chama Chetu Bunda na Butiama

Musoma, Jumanne asubuhi. Uvumilivu wangu uliishia ukurasa wa tatu. Mwenyekiti wa chama chetu cha lugha na historia za Mara alikuwa anatusomea rasimu ya mpango wa miaka kumi ijayo, akafika hapa: wasio na digrii watakuwa "watoa taarifa", na kura hawana. Akaniangalia, mtoto wangu ananyonya, akasema, "Mama Neema, hebu tumiminie chai, hiki kipengele ni kirefu."

"Mimina mwenyewe, mwenyekiti. Mimi nimetumwa kupiga kura."

Wakacheka. Kura yenyewe ni Ijumaa. Nikambeba mtoto mgongoni, nikatoka. Nyie wenzangu wa kisiwani Rukuba ndio mlionituma, kwa hiyo mjue nilikokwenda.

Bunda, saa nane mchana. Nilimfuata Kabasa, mwalimu mstaafu aliyekuwaga katibu wetu wa kwanza. Nilimkuta dukani kwa mkewe, anapima mchele. Katiba yetu ya mwanzo ilikuwa kwenye mfuko wa mbolea, chini ya kitanda chake.

"Waliniambia niichome, eti imepitwa na wakati," alisema.

"Mbona hukuichoma, Mwalimu?"

"Niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nichomeje?"

Kifungu cha nne kinasema mwanachama kamili ni yeyote anayeleta maneno ya nyumbani na kumtaja aliyempa. Digrii haimo. Nikatoa kopi stendi, nikalala kwao.

Butiama, Jumatano. Nilishuka Makutano, nikapanda bodaboda mpaka Mwitongo kwa Bibi Nyabise. Yeye ndiye aliyenipa maneno ya ulezi, tangu kupanda mpaka kusaga; yamejaa kwenye kitabu cha chama. Nilimweleza huku anapeta.

"Hao wasomi, ulezi wanaujua?"

"Wanaujua ukishakuwa uji, bibi."

"Na mimi wataniitaje?"

"Mtoa taarifa."

"Kwani nimeona mwizi wa ng'ombe?" Akaweka ungo chini. "Waambie wanirudishie maneno yangu. Yote. Watafute ya kwao huko chuoni."

Nikayaandika hivyo hivyo, akaweka dole gumba. Tulikuwaga tunajiona wageni kwenye hiki chama. Kumbe bila akina bibi na sisi tunaowafuata shambani, hawana hata ukurasa wa kuchapisha.

Musoma, Alhamisi. Nilipeleka barua yangu pamoja na karatasi ya Bibi Nyabise. Katibu wa sasa aliniambia, "Acha hapo mezani, mama."

"Gonga muhuri wa kupokea. Nasubiri."

Akagonga. Barua inasema:

"Mimi, mwanachama wa Rukuba, nalalamika rasmi kwamba rasimu yenu inavunja kifungu cha nne cha katiba, kopi ipo hapa. Nataka kipengele cha digrii kiondolewe kabla ya kura ya kesho. Msipokiondoa, maneno ya ulezi ya Bibi Nyabise wa Mwitongo, na majina ya samaki aina ya furu tuliyoleta wanawake wa Rukuba, yafutwe kwenye kitabu chenu, na kurasa hizo ziachwe nyeupe. Kesho nitakuja kupiga kura, na mtoto nitakuwa naye."